Mwenye Nyumba Ni Nani? Njia za kumtambulisha mhusika katika hadithi ya Nairobi, bega kwa bega

Chukua sentensi hii: "Mwenye nyumba alifika tarehe tano asubuhi, akabisha mara mbili, akasimama kando ya mlango." Hakuna jinsia humo, wala kabila, wala dini, wala rangi. Sasa mpe msomaji wa Nairobi aisome, kisha muulize amemwona nani. Kwa kawaida atakwambia mwanamume wa makamo, Mwafrika kutoka bara, Mkristo. Akiwa na ulimi mwepesi atakutajia na kabila kabisa. Mwandishi hajasema lolote kati ya hayo.

Kiswahili chenyewe kinamwachia msomaji nafasi kubwa ya kujaza. "Alifika" haibagui mwanamume na mwanamke, na mwandishi anaweza kwenda kurasa nne na daktari, dereva au mwenye nyumba bila kugundua kwamba hajasema ni nani. Msomaji hangoji. Anachora picha kwenye mstari wa kwanza, na picha hiyo ikishakauka ni kazi ngumu kuifuta.

Zifuatazo ndizo njia ambazo waandishi wa hapa huzitumia kuamua picha hiyo, au kuiacha ijiamue yenyewe. Tunazipima kwa mambo matatu: zinafika mapema kiasi gani, zinakula maneno mangapi, na zinaharibikia wapi. Sentensi ya mwenye nyumba tutaendelea nayo.

Kimya

Kimya ni bure, na ndiyo sababu kinapendwa. Anayekitumia husema, "Nataka kila msomaji ajione." Nia njema, lakini sivyo mambo yanavyokwenda. Mhusika asiyetajwa huangukia kwenye mtu wa kawaida wa mahali pale, na katika Nairobi ya vitabuni mtu wa kawaida hajawahi kuwa Mnubi, Mgujarati, Msomali au mwanamke mwenye majengo matatu.

Kimya kinafaa pale tu ambapo utambulisho hauna kazi yoyote kwenye mkasa na mhusika mwenyewe anapita: utingo, karani wa dirishani, jirani anayekohoa ghorofa ya juu. Kinafaa pia kama kuficha ndio mchezo wenyewe. Toni Morrison alifanya hivyo mwaka 1983 katika hadithi fupi "Recitatif": wasichana wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, na hadi mwisho msomaji hapewi jibu ni yupi. Kinachosahaulika na wanaomwiga ni kwamba Morrison anatangaza mapema kuwa rangi zao ni tofauti. Swali liko mezani, jibu ndilo limefichwa. Ukificha na swali pia, hakuna mchezo, kuna pengo tu.

Kosa la kwanza la kimya ni kuchelewa. Ukifika ukurasa wa tisa ndipo useme mwenye nyumba ni Bi. Hawa, msomaji atarudi nyuma akiona amedanganywa. Chochote ambacho msomaji anaweza kukichora vibaya kirekebishwe ndani ya maneno 150 ya kwanza tangu mhusika aingie.

La pili ni baya zaidi, nalo limejaa kwenye miswada: kimya kwa wengine, lebo kwa mmoja. "Wanaume wawili walisimama nje ya hadiwea pamoja na Mhindi mmoja." Yule Mhindi si mwanaume? Sentensi imeshaamua nani ni mtu na nani ni Mhindi. Itengeneze kwa kazi au kitu anachofanya: "Wanaume wawili walisimama nje ya hadiwea wakimsubiri mwenye duka ahesabu misumari." Asili yake itakuja kwa njia nyingine, na itakuja akiwa tayari ana mikono na shughuli.

Majina ya majazi

Huu ni urithi wetu, na yeyote aliyesoma tamthilia na riwaya za Kiswahili sekondari amelelewa nao: jina ndilo tabia. Mwenye nyumba wetu angekuwa Bwana Tamaa, mpangaji awe Siti au Subira. Faida yake kubwa ya hapa Kenya ni kwamba hakuna mzazi atakayelalamika kuwa mwizi wa hadithi ametolewa kwenye kabila lake. Kwenye jukwaa jina la namna hiyo pia linamsaidia mtazamaji wa safu ya nyuma kukumbuka nani ni nani.

Lakini hesabu gharama. Majina haya mengi hutokana na maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo mji mzima unanukia pwani hata kama umesema ni Kayole. Abdi, Shah na Nafula wanatoweka kwa pamoja; tofauti zote za Nairobi zinasuguliwa hadi zinakuwa mbili, wema na wabaya. Na jina linakula mwisho wa hadithi, maana Mwadilifu hataiba na Tamaa hatatubu. Kwa tashtiti na kwa nchi ya kubuni, endelea nayo. Kwa hadithi yenye Jogoo Road na matatu ya Githurai, Bwana Tamaa ataonekana kikaragosi kati ya watu.

Nairobi ina mbadala wake ambao waandishi hawautumii vya kutosha: kumwita mtu mzima kwa jina la mtoto wake. "Mama Brian alifika tarehe tano asubuhi." Kwa maneno mawili umepata jinsia, umri wa kukadiria, heshima ya mtaa, na kabila limefichika kihalali kwa sababu mtaani pia limefichika. Wapangaji wengi huishi na Mama Brian miaka bila kujua jina lake la kitambulisho.

Jina halisi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hukatwa vidole.

Jina la Kikenya hubeba habari nyingi kuliko sentensi tatu za maelezo. Otieno na Atieno wamezaliwa usiku, Okinyi na Akinyi asubuhi, na hiyo O au A ya mwanzo imeshakupa jinsia ambayo Kiswahili hakikukupa. Kip- na Chep- zinafanya kazi hiyohiyo kwa Wakalenjin. Nafula amezaliwa wakati wa mvua. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo ukiwapa ndugu wawili wa kiume majina ya kubahatisha, kisha babu mzaa baba akaitwa jina la tatu, msomaji wa Kiambu ataona kabla ya mhariri.

Ila jina halitoi hati ya kiapo. Juma hutumika sana magharibi mwa Kenya, hata na Wakristo. Hawa anaweza kuwa Mnubi wa Kibra, Msomali wa Eastleigh, Mswahili wa Lamu, au Mwanga wa Mumias ambako Uislamu una mizizi ya tangu enzi za misafara. Maria Fernandes si lazima awe Mreno wala Mwafrika. Wagoa wa Nairobi, wenye asili ya Goa huko India, ni Wakatoliki wenye majina ya Kireno. Na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikuwa na baba Mgoa na mama Mmaasai. Angekuwa mhusika wa kubuni, mhariri fulani angesema haaminiki.

Hatari kuu ni jina la mhalifu. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 msomaji wa Kenya anasoma majina kwa jicho la kuhesabu: nani mwizi, nani mlinzi, nani profesa, nani msichana wa kazi. Jaribio la kulifanyia mswada ni rahisi. Mpe mwizi jina la askari na askari jina la mwizi, usiguse kingine, kisha usome upya. Kama hadithi ghafla inataka maelezo zaidi ili iaminike, basi jina ndilo lililokuwa likitoa ushahidi badala ya matendo. Ongeza matendo. Usikimbilie kuwapa wote John na Mary. Hiyo inarudisha kimya kwa mlango wa nyuma.

Swali la pili: jina lipi lije lini? Ofisini na kanisani Nairobi, watu hujulishana kwa Kevin na Faith. Jina kamili husikika mahali maalumu, yaani kwenye orodha ya darasa, foleni ya hospitali, kituo cha polisi na, zaidi ya pote, kwenye simu wakati wa kutuma pesa. Mpangaji aliyezoea "Mama Brian" anatuma kodi kwa M-Pesa, na kabla pesa haijaenda skrini inamwonyesha majina ya mpokeaji. Pale ndipo anaposoma Hawa. Hakuna msimulizi aliyeingilia, hakuna kioo ambacho mhusika amejitazama akihesabu rangi ya macho yake, na ni jambo ambalo kila msomaji amelifanya wiki hii. Angalia tu iwe anatuma kwa nambari ya simu. Akilipa kwa till, kitakachotokea ni jina la biashara.

Sura na rangi

Njia ya maelezo ya mwili ndiyo wanayoikimbilia wanaoanza, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote kwa hadithi ya Nairobi. Mwili hausemi kabila. Urefu, pua, mwanya, yote hayo ni porojo za mezani, na mwandishi anayeyategemea anaandika porojo hizo kwa wino.

Rangi inataka uangalifu wa aina mbili. Kwanza, "mweupe" kwa msomaji wa hapa mara nyingi ni Mwafrika mwenye rangi nyepesi. Ukitaka Mzungu sema Mzungu. "Maji ya kunde" ni safi na imekomaa. Kulinganisha ngozi na kahawa na chokoleti kumechoka, na kunamfanya mtu aonekane kama yuko kwenye menyu. Pili, tazama ni nani anayepewa rangi. Kama wasichana wanaopendwa ndio pekee walio maji ya kunde, na weusi tititi ni walinzi na wachawi, mswada umeshatoa hukumu ambayo mwandishi pengine hakuikusudia.

Na hata ukisema, msomaji anaweza asisikie. Katika riwaya ya *The Hunger Games* msichana Rue ameelezwa wazi kuwa na ngozi ya kahawia iliyokolea, lakini filamu ilipotoka 2012 baadhi ya wasomaji walikwenda mtandaoni kushangaa kwa nini mwigizaji ni mweusi. Tamko moja halishindi picha iliyozoeleka. Gusa mara tatu, sehemu tofauti, na kila mara iwe ndani ya shughuli. Nywele ni bora kuliko ngozi kwa kazi hii kwa sababu zinahitaji muda, pesa na mikono ya watu wengine. Mhusika aliyeketi Kenyatta Market huku wasusi watatu wakigawana kichwa chake, shingo imekakamaa na simu inaita mfukoni, hahitaji kivumishi hata kimoja.

Usemi

Lafudhi iliyoandikwa kwa tahajia ni chumvi ya mawe. "Rakini" ya Mkikuyu, "sule" ya Mjaluo, "mimi hapana jua" ya Mhindi: msomaji wa Nairobi huzitambua papo hapo, na papo hapo hucheka. Hapo ndipo tatizo lilipo. Ukihesabu, utakuta wanaoandikiwa lafudhi ni wale wa kuchekwa tu, wakati daktari na wakili wanaongea Kiswahili cha redio. Tena "mimi hapana jua" ni kauli ya kizamani kwa kijana wa Parklands aliyezaliwa hapa, aliyesoma hapa na anayetukana kwa Sheng bila kusita.

Acha tahajia. Mpe kila mtu tahajia sanifu, kisha mtofautishe kwa uchaguzi wa neno na mpangilio. Linganisha hizi tatu, zote za mwenye nyumba mlangoni:

"Pesa ya maji mmelipa ama mnangoja nikate?"

"Habari za asubuhi, mwanangu. Nimekuja lile jambo letu la mwisho wa mwezi."

"Niaje. Hiyo thao ya maji iko ama tuongee jioni?"

Hakuna aliyetajwa kabila, lakini ni watu watatu tofauti, na umri wao na malezi yao vimesikika. Sheng ina faida kwamba inasema mtaa na rika zaidi ya kabila. Ubaya wake ni kuzeeka upesi. Majina ya pesa kama mbao, finje, soo na thao yana maisha marefu. Maneno ya salamu na ya mavazi mengine hayafikishi kitabu dukani.

Majina ya kuitana jamaa nayo yana mitego. "Shosho" imekwisha kuwa ya Nairobi nzima, haitambulishi Mkikuyu tena. "Ayeeyo" bado inamtaja bibi wa Kisomali, "kukhu" wa Kiluhya. Kwenye nyumba ya Wagujarati, "dada" ni babu mzaa baba na "nani" ni nyanya mzaa mama. Ukiyaweka bila kumpa msomaji fununu kwanza, mazungumzo yote yatavurugika.

Vitu na desturi za nyumbani

Tungechagua hii kwanza, ikisaidiwa na jina. Inakula maneno mengi kidogo, kati ya ishirini na arobaini, lakini inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inamtambulisha mtu na inasogeza tukio.

"Mwenye nyumba alifika tarehe tano asubuhi, hina bado mbichi vidoleni, akabisha kwa kiwiko mara mbili ili asichafue mlango aliopaka rangi juzi, akasimama kando akishika ncha ya gurbaba yake isiguse maji ya mtaro."

Ni mwanamke. Anajali mali yake. Gurbaba ni vazi la wanawake wa Kinubi. Anayelijua amepata jibu, asiyelijua amepata vazi, hina na mwanamke asiye na haraka, na picha ya yule mzee wa makamo imeshafutika bila mtu kubishana naye.

Hapa yanayoharibika ni mawili. La kwanza ni alama isiyotenganisha. Kuvua viatu mlangoni kunakupa Msomali, Mnubi, Mswahili na Mgujarati wote kwa pamoja. Githeri na chapati hazikupi mtu yeyote. Tumia alama mbili zinazokutana mahali pamoja. La pili ni historia ya kuokota. Karibu kila mhusika wa Kihindi katika miswada ana babu aliyejenga reli. Kati ya vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda, kiasi cha 6,700 tu ndio waliobaki. Familia nyingi zilikuja kwa biashara na kazi za ofisi. Vivyo hivyo, Kibra si ya wahamiaji wa juzi pekee. Wanubi walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wazao wa askari wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, na mwaka 2017 walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Bi. Hawa anaposema "kwetu" akiwa Kibra, hana maana ya kijijini.

Uchague ipi

Hadithi fupi ya maneno 1,500 hadi 3,000 inayotendeka kwenye mtaa unaojulikana: desturi pamoja na jina, vyote kabla ya ukurasa wa pili. Usemi uje kuthibitisha. Sura iachwe, isipokuwa ina kazi kwenye mkasa.

Mchezo wa redio hauna sura wala vazi, kwa hiyo jina litamkwe na mhusika mwingine ndani ya sentensi tatu za kwanza, na mwigizaji aambiwe kwa maandishi kwamba lafudhi isitiwe chumvi. Usipoandika, studio itatia.

Kitabu cha watoto chenye picha ni suala la mchoraji. Maandishi yakisema "mwalimu" tu, mchoraji atachora mwalimu aliyemzoea. Mwandikie maelezo ya kila mhusika pembeni, ya nyuma ya picha pia: watu watano kwenye foleni, wawili ni wanawake, mmoja ana kilemba cha Kalasinga, mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu. Jambo hilohilo kwa jalada, hasa kama linachorwa na programu ya kompyuta; ukiomba "mfalme" bila zaidi, mara nyingi utapewa wa Ulaya.

Fantasia ndiyo inayodanganya zaidi. Ukitoka Nairobi ukaenda kwenye milima na majoka ya kubuni, mtu wa kawaida wa mtaa haji nawe. Anayekuja ni yule wa filamu za nje, mwenye nywele zilizonyooka zinazopepea. Kwa aina hii, kinyume na zote, tunashauri uanze na mwili, na uwape rangi na nywele wahusika wasiopungua watatu kwenye ukurasa wa kwanza, akiwemo shujaa. Ukimwelezea mmoja tu, huyo atasomwa kuwa mgeni na waliobaki watarudi kuwa weupe.

Lebo ya moja kwa moja, "alikuwa Mhindi", "alikuwa Mmeru", ina mahali pake: kinywani mwa mhusika anayeitumia kwa sababu zake. Ikitoka kwa mpangaji mwenye hasira, inamweleza mpangaji. Ikitoka kwa msimulizi, hakikisha msimulizi huyo anawapa lebo watu wote anaokutana nao, Waafrika wenzake wakiwemo. Tangu Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Kihindi wametambuliwa rasmi kuwa kabila la 44, hivyo "Mkenya mmoja na Mhindi mmoja" ni kosa la uraia kabla halijawa kosa la mtindo.

Kabla ya kuutuma mswada, kata maneno 300 ya mwanzo uwape wasomaji watatu wa mitaa tofauti, tuseme South C, Umoja na Parklands. Usiwaeleze chochote. Waulize mhusika mkuu ni mwanamume au mwanamke, ana miaka mingapi, anaswali wapi kama anaswali, kwao ni wapi, na ni neno gani kwenye ukurasa lililowaambia hivyo. Swali la mwisho ndilo la kuandika kando. Akijibu vizuri na asipate neno la kukuonyesha, jibu hilo si lako, na msomaji wa nne atakuja na lingine.